Karatasi ya labo inasema nini? Kuelewa matokeo ya biopsi ya kansere ya titi

Kipande kimekatwa kwenye titi, kimetumwa, familia imengoja wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Sasa karatasi imefika. Iko na ukurasa moja ao mbili, imejaa Kifaransa kigumu: carcinome infiltrant, grade SBR, récepteurs, HER2, Ki-67. Nyumbani kila mtu anashika neno moja. Mmoja anaona « positif » anafurahi. Mwingine anaona « III » anaanza kulia. Wa tatu anapiga picha na kuituma kwa ndugu yuko Kampala.

Makala hii inafafanua karatasi ile mstari kwa mstari, kwa wagonjwa na familia za Butembo, Beni, Oicha, Lubero, Kasindi na pembeni. Haichukui nafasi ya muganga. Lakini mtu mwenye anaelewa karatasi yake anajua cha kuuliza, anajua kama kipimo fulani kinakosekana, na si rahisi kumuuzia dawa haimfai.

Kansere ya titi, ile wengine wanaita saratani ya matiti, ndiyo kansere inayopata wanawake wengi zaidi duniani. Shirika la afya duniani, OMS, linahesabu wanawake milioni 2,3 waliogunduliwa nayo mwaka wa 2022, na 670 000 waliokufa nayo mwaka ule ule. Wanaume pia wanaipata, lakini ni wachache sana: hawapiti 1 kwa wagonjwa 100.

Karatasi inatoka wapi

Wenye kuandika karatasi hii ni waganga wa anatomopathologie, kwa kifupi « anapath ». Ni waganga wanaosoma nyama ya mwili kwa mikroskopu. Mara nyingi mgonjwa haonani nao kamwe.

Kazi inaanza na biopsi. Muganga anaganzisha fasi, anaingiza sindano nene, anatoa vipande vyembamba sawa uzi. Hiyo inaitwa microbiopsie. Kuna pia cytoponction: sindano nyembamba inayofyonza maji na seli tu. Cytoponction inaweza kuonyesha kama kuna seli za kansere, lakini haiwezi kusema kama kansere ingali ndani ya mfereji wake ao imekwisha kutoka. Kama karatasi yako inasema « cytologie » peke yake, uliza kama biopsi ya kweli itafuata.

Watu wengi wanasema kwamba kugusa kivimbe na sindano kunaamsha ugonjwa. Hofu hiyo imewachelewesha wamama wengi. Ukweli ni huu: bila biopsi hakuna mtu anaweza kujua ni kansere ao hapana, ni ya aina gani, wala ni dawa gani itaisikia. Kivimbe hakikui kwa sababu ya sindano. Kinakua kwa sababu kimeachwa.

Kipande kikitoka, kinawekwa ndani ya formol. Hapa kuna jambo kubwa kwa sisi tunaokaa mbali na labo kubwa. Kipande kinapaswa kuingia ndani ya formol haraka, mbele saa moja iishe. Formol iwe nyingi, karibu mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kwa vipimo vya récepteurs, kikae mle masaa 6 mpaka 72, kisha labo iendelee na kazi. Kipande kilichowekwa kwenye maji ya serumu, kilichokauka, ao kilichokaa wiki nzima njiani kinaweza kuharibika, na kipimo kinaweza kusema « négatif » kumbe si kweli. Kwa hiyo familia iko na haki ya kuuliza: « Kipande kimewekwa ndani ya nini? Kitaondoka siku gani? »

Labo ikimaliza, inakifunga ndani ya nta ngumu inayoitwa parafini. Hiyo ndiyo bloc. Bloc inaweza kuhifadhiwa miaka mingi. Kumbuka neno hili, tutalirudia.

Kwanza, angalia juu ya karatasi

Mbele ya kusoma ugonjwa, soma jina. Jina ni lako? Umri ni wako? Titi ni lile lile? « Sein droit » ni titi la kuume, « sein gauche » ni la kushoto. Tarehe ya kukatwa inalingana? Kwenye labo vinapita vipande vya watu wengi, na majina yetu yanafanana: wakina Kavira, Masika, Kahindo na Kambale wako elfu na elfu. Kama kitu kimoja hakilingani, rudisha karatasi mbele matunzo yaanze.

Kisha tafuta namba ya labo. Iko juu, pembeni. Ndiyo namba ya bloc yako. Iandike fasi mbili.

Chini yake karatasi inagawanyika hivi:

- Renseignements cliniques: yale muganga wako aliandikia labo.
- Macroscopie: vile kipande kinaonekana kwa macho, na ukubwa wake.
- Microscopie: vile kinaonekana kwa mikroskopu.
- Immunohistochimie: vipimo vya rangi vinavyotafuta récepteurs na HER2. Mara nyingi vinakuja nyuma, kwenye karatasi ya pili.
- Conclusion: muhtasari. Anza hapa, kisha rudi juu.

Aina ya kansere: in situ ao infiltrant

Titi iko na mifereji midogo inayopitisha maziwa na vifuko vidogo vinavyoyatengeneza. Kansere nyingi zinaanzia humo.

« Carcinome in situ » maana yake seli mbaya zingali ndani ya mfereji, hazijatoboa ukuta. Inatunzwa, na matumaini ni makubwa sana.

« Carcinome infiltrant » ao « invasif » maana yake seli zimetoboa ukuta na kuingia kwenye nyama ya pembeni. Neno hili linaogopesha, lakini halimaanishi kwamba kansere imeenea mwilini mwote. Linamaanisha tu imetoka nje ya mfereji. Kansere nyingi zinazogunduliwa kwa kivimbe kinachoguswa na mkono ni za namna hii.

Aina inayoonekana zaidi inaandikwa « carcinome infiltrant de type non spécifique », zamani « canalaire infiltrant ». Ni karibu 7 mpaka 8 kwa wagonjwa 10. Inayofuata ni « lobulaire infiltrant ». Kuna zingine chache, kama « mucineux » ao « tubuleux », ambazo mara nyingi ziko na mwendo wa pole.

Grade haiko stade

Hapa ndipo familia nyingi zinapotea. Karatasi inaandika « Grade III » na mtu anasema: « Ni stade ya tatu, imekwisha. » Hapana. Hayo ni mambo mawili.

Grade inasema vile seli ziko na sura gani. Kwenye karatasi zetu inaitwa SBR, herufi za Scarff, Bloom na Richardson. Bloom na Richardson waliandika juu yake mwaka wa 1957, kisha Elston na Ellis waliitengeneza upya mwaka wa 1991. Muganga anatazama mambo matatu: kama seli zingali zinajipanga sawa mifereji, kama kiini cha seli kimebadilika sana, na kama seli nyingi ziko zinagawanyika. Kila jambo linapata 1, 2 ao 3. Anajumlisha:

- 3 mpaka 5: grade I, seli zinafanana na za kawaida, zinakua pole pole.
- 6 ao 7: grade II, kati na kati.
- 8 ao 9: grade III, seli zimebadilika sana, zinakua mbio.

Kwa hiyo ukiona « 3+3+2 = 8 », ni grade III. Kansere ya grade III inaomba kutunzwa bila kuchelewa. Lakini seli zinazogawanyika mbio ndizo pia kemoterapi, ile shimio, inazipiga vizuri zaidi.

Stade inasema kansere imefika wapi: titi tu, tezi za kwapani, ao viungo vya mbali kama mapafu, ini na mifupa. Karatasi ya biopsi peke yake haiwezi kutoa stade. Inahitaji muganga aguse titi na kwapa, na picha: échographie, radiographie, pengine scanner. Mtu anaweza kuwa na grade III na stade I. Mwingine anaweza kuwa na grade I na stade IV.

Ukubwa, kingo na tezi

Mistari hii inakuwa kamili kisha upasuaji, wakati kivimbe chote kimetolewa.

*Ukubwa* unaandikwa kwa milimita ao sentimita, na herufi T. pT1 ni mpaka milimita 20. pT2 inapita 20 mpaka 50. pT3 inapita 50. T4 ni pale kansere imeshika ngozi ao ukuta wa kifua, hata kama kivimbe ni kidogo. Herufi ndogo « p » inasema hesabu imetoka labo. « c » inasema ni muganga amepima kwa mkono ao kwa picha. « y » inasema mgonjwa alipata kwanza shimio mbele ya kupasuliwa.

*Limites* ao *marges* ni kingo za nyama iliyokatwa. Labo inapaka wino pembeni yote. Kama wino haugusi kansere, wanaandika « limites saines » ao R0: imetolewa yote kwa vile macho ya mikroskopu yanaona. « Limites atteintes » ao R1 maana yake kansere iko kwenye kingo, na pengine itabidi kukata tena ao kutunza na miale.

*Ganglions* ni tezi za kwapani. Ukisoma « 3N+/12 », ni hivi: walipata tezi 12, na 3 kati yao ziko na kansere. 1 mpaka 3 ni pN1, 4 mpaka 9 ni pN2, 10 na zaidi ni pN3. « 0/12 » ni habari njema.

*Emboles vasculaires* ni seli za kansere zilizoonekana ndani ya mishipa midogo. « Présents » inamaanisha kansere imetafuta njia ya kutoka, si kwamba imekwisha kufika mbali. Muganga anaichanganya na mambo mengine mbele ya kuamua.

Récepteurs: kansere inakula hormoni?

Huu ndio mstari wenye kubadilisha matunzo zaidi. Seli zingine za kansere ziko na milango inayopokea hormoni za mwanamke. Zikipata hormoni, zinakua. Milango hiyo inaitwa récepteurs: RE kwa œstrogènes na RP kwa progestérone. Karatasi kutoka Kampala itaandika ER na PR. Ni kitu kilekile, herufi zimegeuzwa.

Matokeo yanaandikwa kwa asilimia: « RE: 80 % » maana yake seli 80 kwa 100 ziko na mlango huo. Labo nyingi duniani zinasema ni positif tangu 1 %. Labo zinazofuata desturi ya Ufaransa zinasema positif tangu 10 %. Kwa hiyo usitosheke na neno « négatif » peke yake: tazama hesabu. Kama iko kati ya 1 na 10, muulize muganga wako ataichukua namna gani.

Kama RE ao RP ni positif, dawa ya vidonge inayoziba milango hiyo inaweza kusaidia. Inayojulikana zaidi ni tamoxifène: miligramu 20 kwa siku, kwa miaka 5 ao zaidi. Iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS, na haina gharama kubwa sawa dawa zingine za kansere. Haipewi mwanamke mwenye mimba, na muganga anapaswa kujua kama umewahi kuwa na damu iliyoganda mguuni ao kwenye mapafu. Kosa la kawaida ni kuacha kisha mwaka moja juu mtu anajisikia muzima. Kazi yake ni kuzuia ugonjwa usirudi, na inafanya kazi hiyo wakati wewe hausikii kitu.

Kama RE na RP zote ni négatif kweli kweli, tamoxifène haitasaidia. Kuinunua ni kutupa franga.

Kuna watu wanasema kansere ya wanawake weusi haisikii vidonge vya hormoni, basi kipimo hakina maana. Si kweli. Kansere isiyo na récepteurs inaonekana zaidi kwa wanawake wa asili ya Afrika kuliko kwa wengine, lakini hata hapa Afrika karibu nusu ya wagonjwa ao zaidi wako na récepteurs positifs. Bila kipimo, mgonjwa anaweza kukosa dawa inayomfaa, ao kumeza miaka mitano dawa isiyomfaa.

HER2

HER2 ni protini juu ya seli. Ikizidi, inasukuma kansere ikue mbio. Matokeo yanaandikwa kwa alama:

- 0 ao 1+: négatif.
- 2+: haijulikani bado. Inahitaji kipimo cha pili, FISH ao CISH.
- 3+: positif.

Karibu wagonjwa 15 mpaka 20 kwa 100 wako HER2 positif. Kwao kuna dawa inayoitwa trastuzumab, inayoingia kwa serumu ao sindano. OMS iliiweka kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka wa 2015. Bei yake ingali kizito kwa familia nyingi, kwa hiyo uliza mapema inapatikana wapi na kwa namna gani. Lakini usikubali mtu akuuzie kwa matokeo ya 2+ bila kipimo cha pili.

Kama RE, RP na HER2 zote tatu ni négatif, wanaita « triple négatif ». Si hukumu ya kifo. Maana yake matunzo yatategemea zaidi upasuaji, shimio na miale, na yasichelewe.

Ki-67

Hii ni asilimia ya seli ziko tayari kugawanyika. 5 % ni pole, 60 % ni mbio. Kati kati hakuna mpaka mmoja ambao labo zote zinakubali. Ki-67 haiamui kitu peke yake, inasomwa pamoja na grade na récepteurs.

Positif na négatif: maneno yenye kudanganya

Beni na Butembo tulizoea maneno haya kwa njia ngumu. Wakati wa Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, « négatif » ilikuwa kurudi nyumbani na « positif » ilikuwa CTE. Kwenye karatasi ya kansere haiko hivyo. Maana inabadilika kwa kila mstari:

- *Ganglions négatifs*: vizuri, tezi hazina kansere.
- *Limites négatives*: vizuri, kingo ni safi.
- *Récepteurs négatifs*: haimaanishi hauna kansere. Inamaanisha vidonge vya hormoni havitasaidia.
- *Récepteurs positifs*: kuna dawa ya kuongeza. Hakuna uhusiano na sida. Wamama wengine wamesoma « positif » wakafikiri ni VIH na kuficha karatasi. VIH inapimwa kwa damu, kwenye karatasi ingine kabisa.
- *HER2 positif*: kansere inakua mbio, lakini iko na dawa yake.

Mambo ambayo karatasi haisemi

Haisemi umebakisha miezi mingapi. Mtu akikuambia hesabu hiyo kwa kusoma karatasi tu, anabahatisha. Haisemi nani alikuloga, juu kansere haitumwi na mtu. Haisemi kama mapafu na ini ni safi. Haisemi uanze na upasuaji ao na shimio: hilo linaamuliwa na waganga wakiweka pamoja karatasi, picha, umri na hali ya mwili wako.

Na maombi? Wengi wetu tunaomba, na ni vizuri kuomba. Omba ukiwa kwenye matunzo. Kivimbe hakingojei mwisho wa mfungo.

Kama vipimo havijakamilika

Mara nyingi karatasi ya kwanza inaishia kwenye « carcinome infiltrant, grade II » bila récepteurs. Familia inafikiri inabidi kukatwa tena. Si lazima. Kumbuka bloc. Labo iliyokutunzia bloc inaweza kuitoa, ao kukata vipande vyake vyembamba kwenye vioo, na labo ingine ikafanya immunohistochimie. Andika barua pamoja na muganga wako, taja namba ya labo, omba « prêt de bloc ». Mgonjwa anaweza kubaki nyumbani na bloc ndiyo isafiri. Isiachwe kwenye jua wala karibu na moto, juu parafini inayeyuka.

Hii ni maana kubwa kwa wakati huu. Barabara ya kuelekea Goma imepitia vita, na tangu mwezi wa kwanza 2025 Goma yenyewe iko mikononi mwa AFC/M23. Kwa wengi wa Butembo na Beni, njia iliyobaki ni Kasindi, kuvuka Mpondwe, Kasese, mpaka Kampala. Kule kuna Uganda Cancer Institute, karibu na hospitali ya Mulago, iliyoanzishwa mwaka wa 1967. Safari inakula pesa: chakula, malazi, mtu wa kukusindikiza. Kwenda na karatasi nusu, bila bloc, ni kujitafutia kuanza upya kule. Mbele ya kuondoka, hakikisha uko na:

- karatasi ya labo, na karatasi ya immunohistochimie kama iko;
- bloc, ao barua ya labo inayosema iko wapi;
- picha zote na ripoti ya upasuaji kama ulikatwa;
- barua ya muganga wako, na mtu anayesikia Kiingereza ao Kiswahili cha kule.

Jambo lingine: kama RE na RP zimetoka 0 % na kipande kilichelewa njiani, muulize muganga kama « témoin interne » ilishika rangi. Ni nyama ya kawaida ya titi ndani ya kipande kile kile, ambayo ingepaswa kuonyesha récepteurs. Kama nayo haikushika rangi, kipimo hakiaminiki na kinapaswa kurudiliwa.

Tusome karatasi moja pamoja

Huu ni mfano tu, si karatasi ya mtu:

*« Sein gauche, microbiopsie. Carcinome infiltrant de type non spécifique, grade II SBR (3+2+1 = 6). Pas d'embole vasculaire. RE 90 %, RP 40 %. HER2: 2+. Ki-67: 15 %. »*

Kwa Kiswahili chetu: kwenye titi la kushoto kuna kansere ya aina ya kawaida, imetoka nje ya mfereji. Mwendo wake ni wa kati. Hawakuona seli ndani ya mishipa. Inakula hormoni sana, kwa hiyo vidonge kama tamoxifène vina nafasi kubwa. HER2 haijajulikana, kipimo cha FISH ao CISH kinabaki. Stade haijulikani, picha na kwapa hazijaangaliwa. Mtu aliyeelewa hivyo anaingia kwa muganga na maulizo mawili ya kweli: HER2 itapimwa wapi? Na picha zitafanywa lini?

Maulizo ya kubeba kwa muganga

1. Kansere yangu ni in situ ao infiltrant?
2. Grade ni ngapi? Stade ni ngapi, ao bado kuna vipimo vya kufanya?
3. RE na RP ni asilimia ngapi? HER2 ni ngapi?
4. Kuna kipimo kinakosekana? Bloc iko wapi?
5. Matunzo yataanza na nini, na juu ya nini?
6. Nikitaka kuzaa ao niko na mimba, kitu gani kinabadilika?
7. Tutaanza siku gani?

Ulizo la mwisho lisisahauliwe. OMS inaomba kwamba toka mtu anapofika na alama ya ugonjwa mpaka vipimo kukamilika zisipite siku 60, na matunzo yaanze bila kukawia. Kama uko siku ya 90 na ungali unangoja karatasi, si kosa kupiga simu kila wiki.

Kutunza karatasi

Watu wetu wanakimbia. Usiku mmoja kijiji kinahama, nyumba inaungua, na karatasi ya miezi sita inapotea. Fanya hivi leo: piga picha kurasa zote kwenye mwangaza, tuma kwa watu wawili unaowaamini wanaokaa miji tofauti, weka orijino ndani ya sashe ya plastiki pamoja na kadi ya elekta. Namba ya labo iandike pia ndani ya Biblia, Korani ao kitabu cha watoto. Hata karatasi ikiungua, kwa namba ile labo inaweza kutoa kopi, na bloc inaweza kupatikana.

Na ukituma picha kwenye kikundi cha WhatsApp kuomba mashauri, funika jina. Ugonjwa ni wa mtu. Ni yeye anachagua nani ajue.